Mvinyo, Divai, Waini: Chupa ya Mfaransa katika Bonde la Ufa

Jumamosi moja jioni nilikuwa nimesimama mbele ya rafu za vinywaji katika supamaketi moja jijini Nakuru, nikisoma lebo kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Mama mmoja mwenye kitambaa cha maua kichwani akanisogelea na chupa mbili. Mkono wa kulia ameshika Bordeaux, lebo ina picha ya jumba na maandishi ya dhahabu. Wa kushoto ameshika waini nyekundu tamu ya Afrika Kusini.

“Kijana wangu, hebu nisaidie. Ya kupeleka ruracio ni gani hapa?”

Ruracio ni sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Nikamwuliza watakaoinywa ni kina nani.

“Ni kina mama wenzangu. Wazee wana muratina yao.”

Nikamwambia kweli yote: hiyo ya kulia ina ukakasi wa ndizi mbichi, na mtu asiyeizoea ataonja mara moja aiache mezani. Akairudisha pale ilipotoka, akatia nne za kushoto katika toroli. Kisha akageuka. “Sasa hiyo ya Ufaransa, kwani hununuliwa na nani?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na kila nikilifuata linanirudisha nyuma miaka mingi kuliko nilivyodhani.

Tuanze na majina. Kiswahili kina matatu ya kinywaji hiki, na kila moja lilikuja na mtu wake. Mvinyo ni vinho ya Wareno. Divai, wanavyoeleza wachunguzi wa asili ya maneno, ni du vin ya Wafaransa; Wamalagasi nao waliipokea wakaiita divay. Waini ni ya Waingereza, na ndiyo utakayoisikia Nakuru. Ukiitisha divai katika baa ya Kenyatta Avenue, mhudumu atadhani umepotea njia ya kwenda kanisani.

Kinywaji chenyewe kilitangulia majina yote hayo. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, baharia mmoja mwenye kuandika Kigiriki aliacha kitabu cha mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, Periplus. Akifika upwa wetu, ule wenye soko la Rhapta mahali fulani katika Tanzania ya leo, anaeleza kwamba wafanyabiashara walipeleka divai na ngano sehemu kadhaa bila nia ya kuziuza. Ilikuwa ya kujipatia urafiki wa wenyeji. Leo Kenya tungesema tu kwamba ilikuwa chai.

Urafiki huo haukupanda milima. Huku Bonde la Ufa watu walikuwa na vyao. Wakalenjin walikuwa na busaa ya nafaka na pombe ya asali; Wamaasai hawakufanya sherehe kubwa ya wazee bila pombe ya asali; na Wakikuyu walikuwa na muratina, ambayo inastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa anayeielewa hapati taabu kuielewa divai. Tunda lake ni la mvungunya, lile refu linaloning'inia kama soseji na ambalo ukiling'ata bichi utajuta. Hupasuliwa, huchemshwa, huanikwa juani likauke mpaka nyuzi zake ziwe kama sifongo. Kisha hutiwa katika kibuyu pamoja na maji na asali, au maji ya miwa, kibuyu kikakaa karibu na moto. Hamira haiongezwi, maana imo ndani ya nyuzi za tunda, imelala. Pombe ikiiva tunda hutolewa, hukaushwa tena, huwekwa. Na tunda lililozoea kazi lilitunzwa kama chombo cha thamani. Mzee alinusa kabla ya kuonja. Alijua asali ya msimu gani imetumika na kama maji yalizidi. Yote anayofanya mwonjaji wa Bordeaux mbele ya glasi yake yalifanywa hapa mbele ya pembe ya ng'ombe, pasipo kijitabu cha alama.

Misafara ya Waswahili ilipopita Naivasha katika karne ya 19 ilibeba ushanga, nyaya na nguo. Chupa hazikuwa mzigo wa busara kwa mpagazi.

Wafaransa waliingia eneo letu kwa milango miwili, na mlango wa kwanza ni wa aibu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Ufaransa. Mlango wa pili ni wa kanisa. Mapadre kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja mwaka 1860; Mapadre wa Roho Mtakatifu wakachukua kazi mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Ni haohao waliofungua misheni ya St Austin's karibu na Nairobi mwaka 1899, ile iliyopanda mikahawa kabla mashamba ya mikahawa hayajawa na sifa Kenya. Divai waliihitaji kama walivyohitaji mafuta ya taa, kwani sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya misa iwe ya mzabibu, halisi, isiyoharibika. Muratina haikubaliki altareni, iwe nzuri namna gani. Huenda ndiyo maana neno la Wafaransa lilishika mizizi vitabuni: Biblia ya Union inapofika arusi ya Kana, maji yanageuka kuwa divai, wala hayageuki kuwa mvinyo.

Kwa hiyo kwa Mwafrika wa Bonde la Ufa, kuionja mara ya kwanza kulikuwa kuitazama kwanza: kikombe kimeinuliwa na padre, na mnywaji ni padre peke yake. Ukishuka leo kutoka Nairobi kwa barabara ya Mai Mahiu utaona kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka 1942 walipokuwa wakichonga barabara ile. Watu waliokulia mashamba ya mizabibu, wamefungwa kwenye ukingo wa bonde lisilo na mzabibu hata mmoja. Sijui kama kuna kiu inayozidi hiyo.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na miaka mitatu baadaye mlowezi Lord Delamere akaanza kilimo Njoro. Nyuma yake wakaja wengine, na Nakuru ikageuka makao makuu ya walowezi, yenye mnada wa mifugo, klabu, na hoteli ambamo habari za bei ya mahindi zilizungumzwa kwa sauti ya juu. Walowezi hawa walikunywa wiski zaidi ya kitu chochote. Lakini meza ya karamu ilitaka claret, yaani Bordeaux nyekundu kwa ulimi wa Kiingereza, na sherehe ilitaka Champagne. Mapenzi ya Mwingereza kwa Bordeaux yana hati ya ndoa: mwaka 1152 Eleanor wa Aquitaine aliolewa na Henry, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, akaleta mahari ya nchi nzima ya mizabibu. Waingereza waliishika nchi hiyo hadi mwaka 1453. Walipofukuzwa waliacha ardhi, kiu wakaondoka nayo. Hivyo chupa iliyofunguliwa kwenye veranda ya Naivasha katika miaka ya 1920 ilikuwa inaendeleza desturi ya karibu miaka mia nane.

Nani aliyeifungua? Mwafrika. Nani aliyekatazwa kuinywa? Huyohuyo. Kwa sehemu kubwa ya zama za ukoloni sheria ilimzuia Mwafrika wa Kenya kunywa pombe za chupa za Kizungu; ya kwake ilikuwa pombe ya kienyeji, nayo kwa kibali na katika kilabu cha manispaa. Lakini boi wa nyumbani, kama walivyoitwa hata wakiwa na wajukuu, ndiye aliyejua chupa ipi ilazwe, ipi ipoozwe, ipi ifunguliwe saa moja kabla ya chakula. Sina shaka kwamba waonjaji wa kwanza wa Kiafrika wa divai za Kifaransa katika bonde hili walikuwa wapishi na wahudumu hao, wakimalizia mashapo jikoni mlango ukiwa umefungwa. Hakuna kumbukumbu zilizoandikwa za maoni yao. Ni hasara, maana walionja nyingi kuliko sisi.

Uhuru ulipokuja, serikali ilitaka biashara ya chupa itoke mikononi mwa makampuni ya kigeni. Mwaka 1969 ikaanzishwa Kenya Wine Agencies Limited, KWAL, na kwa zaidi ya miaka ishirini divai na pombe kali za nje ziliingia nchini kupitia mlango wake. Ukitaka Beaujolais ulikunywa waliyoagiza wao. KWAL ilijaribu pia ya nyumbani, na divai yake ya papai ilipata jina katika vitabu vya kuongoza watalii, mara nyingi kwa mzaha. Nilipewa kidogo nikiwa kijana. Papai lilikuwa na haki ya kuachwa litumike kwa kifungua kinywa.

Soko likafunguliwa katika miaka ya 1990, na hapa Nakuru ina hadithi ya kujivunia ambayo haisimuliwi vya kutosha. Supamaketi kubwa kadhaa za Kenya zilizaliwa hapa. Nakumatt ilichukua jina lake kutoka Nakuru Mattress, duka la magodoro. Naivas ilianza Rongai, kaunti hii ya Nakuru, mwaka 1990, na familia iliyoanzisha Tuskys ilikuwa ya ukoo uleule. Wauza magodoro na unga ndio waliompa Mkenya wa kawaida nafasi ambayo KWAL haikumpa, wala klabu ya walowezi: kusimama mbele ya rafu, kushika chupa, kusoma, kuirudisha, asiulizwe na mtu. Nakumatt na Tuskys zimeanguka. Naivas imebaki, na mwaka 2022 kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius, likiwa na shirika la fedha la Kifaransa Proparco ndani yake, lilinunua asilimia 40 ya hisa zake. Mfaransa amerudi kwa mlango wa tatu.

Ni bonde hilihili lililotoa pia kufuli. John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, alisukuma Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo watu walikuwa wakiiita kwa jina lake. Baa zikapangiwa kufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana wikendi, zifungwe saa 5 usiku. Walevi walimlaani. Wake wa walevi walimwombea.

Turudi kando ya Ziwa Naivasha. Katika miaka ya 1980 familia moja ya walowezi ilipanda mizabibu Naivasha, ikauza divai yenye jina la ziwa kwenye lebo, na wageni wa hoteli za Nairobi wakastaajabu kwamba inanyweka. Jaribio kubwa zaidi lilifuata: kampuni ya Kenya Nut ilipanda katika shamba la Morendat, nayo ndiyo inayotoa Leleshwa. Jina ni la kichaka. Mwenye kupita Gilgil au Elmenteita anakijua, kile chenye majani ya rangi ya majivu na harufu ya kafuri, ambacho Wamaasai huweka majani yake kwapani yawe manukato. Ndani ya chupa, hata hivyo, hakuna kichaka. Kuna Sauvignon Blanc na Shiraz, mizabibu miwili ya Kifaransa. Shiraz ni Syrah ya bonde la mto Rhône iliyobadilishwa jina ugenini.

Mzabibu wa Ufaransa hufanya nini ikweta? Kwao unaishi kwa majira. Baridi ikija unapukutisha majani na kulala. Machipuko huamka, na mwezi wa Septemba huvunwa, mara moja kwa mwaka. Naivasha hakuna majira ya baridi. Siku ina saa 12 za jua Januari na saa 12 Julai. Mzabibu hauna wa kuuambia lala. Kinachouokoa ni mwinuko: ziwa liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, mchana jua linachoma na usiku unatafuta sweta, na baridi hiyo ya usiku ndiyo inayohifadhi uchachu ndani ya zabibu. Usingizi huletwa kwa mkasi. Mkulima hupogoa, mmea ukadhani mwaka umeisha, ukaanza upya. Dodoma, kwenye mwinuko wa chini zaidi, wanavuna mara mbili kwa mwaka kwa namna hiyo. Taabu ni masika. Mvua ikikutana na vichala vilivyokaribia kuiva, kuvu hawaulizi mzabibu umetoka Ufaransa au wapi.

Na kuna jirani mwenye nguvu: waridi. Mzabibu unataka miaka mitatu au zaidi kabla haujatoa cha maana. Waridi la Naivasha linakatwa asubuhi na kupandishwa ndege usiku. Mwenye ekari kando ya ziwa na mkopo wa benki hahitaji kuelezwa hesabu hiyo. Ndiyo maana Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walileta mzabibu na ambako hakuna waridi la kushindana nalo, imekuwa nchi ya zabibu yenye wakulima wadogo kwa maelfu, na Naivasha imebaki na mashamba ya kuhesabu kwa vidole.

Mama wa ruracio alisoma picha ya jumba. Hakukosea sana, kwa kuwa Mfaransa hupenda kuficha jina la mzabibu na kuonyesha jina la mahali. Hakuandikii Sauvignon Blanc. Anakuandikia Sancerre, na unatakiwa kujua kwamba Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc tu. Hakuandikii Pinot Noir, ila jina la kijiji cha Bourgogne. Kiburi hiki kilianza kama kujikinga na matapeli. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu mdogo aliyetoka Amerika, filoksera, alitafuna mizizi ya mizabibu ya Ufaransa karibu yote, mpaka ikagunduliwa kwamba dawa ni kuipandikiza juu ya mizizi ya Kimarekani. Divai ikaadimika, na palipo na uhaba watengenezaji bandia hawachelewi: maji, sukari, zabibu kavu, rangi. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc walijaa barabarani kwa mamia ya maelfu, na askari wakaua watu Narbonne. Hatimaye, mwaka 1935, Ufaransa ikaweka sheria ya majina ya asili: divai ibebe jina la mahali pale tu ilipotoka mahali hapo, kwa mzabibu ulioruhusiwa na kwa namna iliyoruhusiwa. Sancerre ilipata haki yake mwaka uliofuata. Sisi tunaokagua stempu ya KRA, mamlaka ya kodi, kwenye kizibo tukiogopa pombe ya sumu tunawaelewa vizuri wakulima wa Languedoc.

Majimbo yao nayo yana tabia. Bordeaux ni nchi tambarare karibu na bahari, ya mashamba makubwa yenye majumba. Mwaka 1855 wafanyabiashara walipanga mashamba bora kwa madaraja, na orodha ile haijaguswa ila kidogo sana. Humo hutawala Cabernet Sauvignon na Merlot, na ule ukakasi niliomwonya mama. Bourgogne ni kinyume chake. Ni miteremko iliyokatwakatwa vipande kwa sababu sheria ya urithi ya Napoleon iligawa sawa kwa watoto wote. Clos de Vougeot, shamba moja la hekta 50 lenye ukuta wake, lina wamiliki wapatao 80. Aliyeona shamba la babu kule Bahati au Subukia likigawanywa mpaka kila mtoto akabaki na mistari mitano ya mahindi, ameiona Bourgogne. Bei lakini si ya Subukia. Alsace hutoa nyeupe zenye harufu ya maua katika chupa nyembamba ndefu, na ya huko iitwayo Gewürztraminer nadhani ingewapendeza kina mama wa ruracio kama ingepatikana kwa urahisi. Champagne tusiizungumzie sana. Katika harusi zetu kila chupa inayolia “paa!” ni shampeni, hata ikiwa na maji ya tufaha, na mwanasheria wa Champagne akihudhuria harusi moja Nakuru ataondoka na kesi arobaini.

Nilitaka kujua tofauti kwa ulimi wangu, siyo kwa vitabu. Mwezi mmoja baada ya kukutana na yule mama nikaalika watu wanne nyumbani kwa shemeji yangu, mtaa wa Milimani. Nilinunua chupa nne: Sauvignon ya Touraine, wilaya ya Loire isiyo ghali kama Sancerre, Sauvignon Blanc ya Naivasha, nyekundu ya Côtes du Rhône ambayo ina Syrah ndani yake, na Shiraz ya Naivasha. Nikazifunga kwa kurasa za Taifa Leo, nikaziandika namba. Nyeupe zilikaa friji tangu asubuhi. Nyekundu ziliachwa mezani, maana baridi ya usiku ya Nakuru ndiyo inayotakiwa. Glasi zilikuwa za chai. Wafaransa watatusamehe.

Baba mkwe wa shemeji, mzee wa miaka zaidi ya 70 anayejua muratina kama anavyojua majina ya wajukuu, alikaa pembeni akisema yeye amekuja kwa ajili ya nyama. Nikammiminia ya kwanza kidogo.

“Mzee, kabla ya kunywa, inuse.”

Akanitazama kama mtoto aliyemfundisha kukama. “Unadhani sisi tulikuwa tunakunywa bila kunusa?” Akanusa. Akafikiri. “Hii inanuka majani ya nyanya. Ukiyafikicha.”

Nilikaa chini. Harufu hiyo hasa, ya majani mabichi yaliyofikichwa, ndiyo wataalamu wa Loire hutafuta katika Sauvignon, na mzee hakuwahi kusikia jina hilo. Ya pili, ambayo ilikuwa ya Naivasha, alisema ina mapera mabichi na ndimu, na kwamba uchachu wake unakuja upesi kisha unaondoka. Alikuwa sahihi tena: ya Touraine ilikaa ulimini mpaka ukameza mate mara tatu, ya Naivasha ilikuwa nyepesi, ya kunywea kwenye jua. Jirani yetu, muuguzi, aliipenda ya Naivasha kuliko zote. Shemeji, ambaye ni mwalimu, aliomba sukari, tukamnyamazisha.

Kwenye nyekundu mambo yalibadilika. Mutura, ile soseji yetu ya utumbo, ilikuwa imetoka jikoni moto, na ukakasi uliomfanya muuguzi kukunja uso kwenye glasi tupu ulipotea alipotafuna kipande chenye mafuta. Rhône ilikuwa na pilipili manga wazi kabisa. Ya Naivasha ilikuwa na matunda zaidi na pilipili kidogo, na watu wawili kati ya wanne waliitaja kuwa ndiyo ya Ufaransa. Mzee akasema neno moja, “Hii ni ya nyama,” akasogeza glasi kwa ile namba tatu, ya Rhône.

Kulikuwa na chupa ya tano ambayo haikufika mezani. Bordeaux, niliyoinunua kwa pesa nyingi katika duka moja la mjini nisilolitaja, ambako ilisimama dirishani inapigwa na jua sijui kwa miezi mingapi. Nilipoifungua ilinuka zabibu kavu zilizochemshwa, na rangi yake ilikuwa imegeuka ya matofali. Nilimwaga. Kosa ni langu pia. Vumbi mabegani mwa chupa lilinionya nikalidharau.

Basi anayenunua Nakuru afanye hivi. Asichukue chupa iliyosimama juani au karibu na taa ya joto, hata ikipunguzwa bei. Nyeupe kavu ya Loire atafute ya mwaka wa karibuni, kwani haizidi utamu kwa kuwekwa. Asome: sec ni isiyo na sukari, moelleux ni tamu, brut kwenye ile inayotoa povu ni kavu. Chupa yenye mabega ni ya mtindo wa Bordeaux, yenye mteremko ni ya Bourgogne na Rhône. Ikiandikwa “Vin de France” peke yake, zabibu zinaweza kuwa za popote Ufaransa. Ikiandikwa Pays d'Oc ni za kule Languedoc walikopigana mwaka 1907, na kwa bei ya kati mara nyingi ndizo zinazolipa. Akumbuke kwamba ndani ya bei anayoilipa kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16, kwa hiyo chupa ya bei ya chini kabisa ina ushuru mwingi na divai kidogo. Nyongeza ndogo ya pesa huenda zaidi kwenye divai.

Nikikutana tena na yule mama nitamjibu. Ya Ufaransa ilinunuliwa na wafanyabiashara waliotaka urafiki, na mapadre, na walowezi, na serikali kwa niaba yetu. Sasa hununuliwa na muuguzi wa Milimani na mwalimu anayeomba sukari. Na nitamwomba, safari ijayo, katika zile nne aweke tatu tamu na moja ya Naivasha, iwe imepoozwa tangu asubuhi, na ampe kwanza mzee wa muratina aliye karibu. Amwache anuse.